Papa Hajawahi Kunichelewesha Kazini

Wasee, Jumatatu ya wiki iliyopita tulifanyiwa mafunzo ya usalama ofisini. Dakika arobaini nzima, chai ikipoa. Tukafundishwa kubeba kikombe cha moto kwenye ngazi, kunyoosha mgongo mbele ya kompyuta, na cha kufanya lifti ikikwama. Ofisi yetu hapa Ruiru iko orofa ya chini. Hatuna ngazi, hatuna lifti.

Kuangalia kando, namwona jamaa wa stoo bado anatetemeka mikono. Asubuhi hiyo hiyo alikuwa ameruka vyuma vya katikati ya Thika Road akikimbilia rejista, kioo cha pembeni cha mat kikagonga begi lake, akazunguka kama pia. Alifika saa mbili na dakika moja. Akaandikwa kwa kalamu nyekundu. Mwalimu wa usalama hakumuuliza kitu, maana barabara haikuwa kwenye orodha yake.

Hapo ndipo hasira ilinishika.

Sisi watu tunaogopa vitu vya ajabu bana. Kuna dada tunayeketi naye hawezi kuingia maji ya Diani, ati papa. Dunia nzima, watu wanaouawa na papa kwa mwaka kwa kawaida hawatoshi kujaza mat moja ya viti 14. Huyo huyo jioni anapanda nduthi wakiwa watatu, mshikaki, bila helmeti, na anajipiga selfi. Mama yangu naye, siku niliyopanda ndege kwenda Mombasa aliitisha maombi ya nyumba nzima, akafunga mpaka nikatua. Lakini kila asubuhi nikitoka kupanda 237 hapa Makongeni ananiambia tu, "Ukirudi leta nyanya."

Haya, tupige hesabu. Miaka ya karibuni barabara za Kenya zimekuwa zikiua zaidi ya watu 4,000 kila mwaka, na kundi kubwa zaidi ni la wanaotembea kwa miguu. Si waogeleaji. Si abiria wa ndege. Ni mimi na wewe, chapati kwa mfuko, tukiangalia saa.

Najua kuna mtu atasema, "Si uamke mapema?" Buda, naamka saa kumi na nusu. Lakini mat haitoki kwa saa yangu, inatoka ikijaa. Tena wengine walioketi si abiria, wamelipwa waketi ndio gari lionekane limejaa. Ukishaingia, wanashuka mmoja mmoja. Halafu ile nusu saa dere aliyotupotezea Makongeni, anaitafuta kati ya Juja na Ruiru.

Barabara yenyewe Kibaki aliifungua Novemba 2012, karibu kilomita 50 kutoka Nairobi mpaka Thika. Imetusaidia, sikatai. Lakini barabara pana hivyo haikujengwa ivukwe mbio na viatu vya ofisi. Na mkanda je? Michuki alipoleta sheria zake Februari 2004, mkanda ukawa lazima na mat zikafungwa kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa. Siku hizi tunaukumbuka mkanda tukiona polisi, tena tunaushika kwa vidole viwili usituchafulie shati.

Na bosi asiniambie ati safari yangu haimhusu. Sheria ya mafao ya majeraha kazini ya 2007 inahesabu safari ya kwenda kazini kuwa sehemu ya kazi ikiwa gari limetolewa na mwajiri. Kumbe inajulikana kuwa kazi inaanzia barabarani! Ila mimi wa 237 ni mpita njia tu, mpaka niishike ile kalamu.

Ninachotaka si kikubwa. Nusu saa. Mtu akifika saa mbili na nusu, aondoke nusu saa baadaye. Kwetu hakuna mteja anayebisha mlango kabla ya saa tatu. Hiyo rejista inalinda nini hasa?

Lakini na sisi tuache kujifanya. Daraja la kuvuka liko pale, mwendo wa dakika nne. Mimi mwenyewe ninayepiga kelele hapa niliruka vyuma Jumanne, siku moja tu baada ya mafunzo. Zilikuwa zimebaki dakika tatu. Nilipofika katikati nikaona kiatu kwenye lami. Kimoja. Cha ofisi, cheusi, kimepigwa kiwi vizuri, kamba bado imefungwa. Magari yalikuwa yanakikwepa. Niliangalia pande zote, sikumwona mwenyewe. Mpaka leo sijui alifika kazini saa ngapi.

Niliporudi jioni kilikuwa kimetoweka, na hakuna aliyekuwa anakizungumzia.

Tangu siku hiyo napanda daraja. Wiki hii nimeandikwa nyekundu mara mbili, na mara zote mbili nimeweka sahihi nikiwa na viatu vyote viwili. Mama bado anaagiza nyanya, nami bado narudi nazo.

Mtumie bosi wako hii. Ukiogopa kumtumia, basi ngoja saa mbili na dakika moja, akiwa ameshika ile kalamu.