Upepo Hauna Kiberiti

Kila mwaka, ifikapo Septemba, moto huwaka katika viwanja na mashamba ya pembezoni mwa Dar es Salaam, na kila mara husikia watu wakisema, "Ni upepo huu." Mimi sikubali. Upepo hauna kiberiti. Kiberiti kimo mkononi mwa mtu, na mtu ana akili ya kuchagua saa ya kukiwasha na saa ya kukiacha mfukoni. Hilo ndilo nitakalo kulisema katika ukurasa huu, nami nawaomba walimu, wazazi na wanafunzi wenzangu wanivumilie hadi mwisho.

Tuanze na majira yenyewe. Mvua za masika, kuanzia Machi hadi Mei, huotesha nyasi ndefu kila mahali pasipojengwa. Kisha huja upepo wa kusi na kipupwe, na tangu Juni hadi Septemba mvua huwa haba mno. Nyasi zile zile zilizokuwa mbichi hukauka zikawa kama makuti ya paa kuukuu. Septemba na Oktoba jua hurudi na ukali wake, joto la mchana hufika nyuzi 30 au zaidi, na vuli bado haijaja.

Tena kuna jambo la saa. Alfajiri nyasi zina umande na upepo umetulia. Mchana nchi kavu hupata joto upesi kuliko bahari, hewa yake hupanda juu, na upepo wa baharini huja kushika nafasi hiyo. Upepo huo ukiukuta moto huupa hewa, huulaza juu ya nyasi ambazo hazijaungua, na huchukua cheche na kuzitupa mbali. Sisi tuliosoma jiografia twalijua somo la upepo wa baharini. Twaliandika katika mtihani na kupewa maksi. Ajabu ni kwamba mtihani ukiisha, twatoka nje saa tisa alasiri kuchoma majani, saa ile ile ambayo nyasi zimekauka kabisa na upepo umepata nguvu.

Mfano mkubwa tunao kaskazini mwa nchi yetu. Oktoba 11, 2020, moto ulianza katika Mlima Kilimanjaro mahali paitwapo Whona, kati ya Mandara na Horombo. Siku zile wakuu wa Hifadhi za Taifa walieleza kwamba dalili zilionyesha ulitokana na wapagazi waliokuwa wakipasha chakula cha wageni. Jiko la chakula cha mchana tu! Upepo na ukavu vilifanya yaliyosalia. Moto ulidumu zaidi ya wiki moja, na mamia ya watu walipanda kuuzima, wakiwamo wanafunzi wa Chuo cha Mweka. Oktoba 2022 mlima huo uliwaka tena.

Wala nisidhaniwe nasema kwamba kila moto ni mbaya. Huko Serengeti, askari wa wanyamapori huwasha moto wao wenyewe kwa makusudi. Lakini huuwasha mapema, mvua zikiisha, wakati nyasi bado zina unyevu. Moto huo hutembea polepole na kuacha mabaka yaliyokwisha kuungua, ili ule wa mwishoni mwa kiangazi ukija usipate cha kula. Watu wale hutumia moto ule ule na upepo ule ule tulio nao sisi. Wametuzidi kwa kuchagua wakati.

Mtu aweza kuniambia, "Serengeti ni mbali, sisi wa Temeke na Kinondoni tuna nyumba na barabara." Ni kweli. Lakini na aende Chamazi, Toangoma au Mabwepande akaone viwanja vilivyonunuliwa na kuachwa, mikorosho iliyozungukwa na magugu makavu, na mabanda ya mbao na makuti. Akifika upande wa Kisarawe ataiona misitu ya Pugu na Kazimzumbwi, mabaki ya misitu ya kale ya pwani, ambayo ikiungua hairudi kwa mwaka mmoja wala kumi.

Jirani yetu mmoja nyumbani, mama mjane, mwaka jana alipoteza banda la kuku na migomba yake kwa moto ulioanzia kiwanja cha tatu kutoka kwake. Mwenye kiwanja alichoma majani mchana, kisha akaenda kula. Alikuja kumpa pole, akasema upepo umemshinda. Sina shaka pole yake ilitoka moyoni. Lakini kuku wale ndio waliokuwa nauli na madaftari ya watoto wa yule mama.

Najua wako watakaojibu kwamba gari la taka haliji kila juma, na kwamba majani yakiachwa huleta nyoka. Hoja hizo ni za haki, wala sisemi uchafu uachwe. Nasema saa ibadilishwe, na palipo na njia nyingine ya kufanya, ifuatwe.

Basi naomba kwa heshima tuanzie hapa shuleni. Usafi wetu wa Jumamosi hufanywa alasiri, na majani huchomwa nyuma ya mabweni, karibu na uzio, ambako ng'ambo yake ni shamba la watu. Naomba mambo matatu. La kwanza, nyasi zifyekwe mwezi Juni, zingali na ubichi, kisha zirundikwe zioze ziwe mboji ya bustani yetu ya mchicha. La pili, kisichoweza kuoza na ambacho ni lazima kichomwe, kichomwe ndani ya shimo, saa moja asubuhi, palipo na ndoo za maji na watu wawili wasioondoka mpaka majivu yapoe. La tatu, tulime ukanda mtupu kuuzunguka uzio, ili moto ukija kutoka nje ufike pasipo na nyasi. Kazi hizi zahitaji majembe, mafyekeo na ndoo, navyo vyote vimo stoo.

Nanyi wazazi, mkiona jirani anawasha majani mchana wa upepo, mwambieni kwa upole angoje asubuhi. Ukiwa umekwisha kuwashinda, pigeni 114 kuwaita Zimamoto upesi, kabla haujafika barabarani. Usipoziba ufa utajenga ukuta, na aliyeunguliwa na nyumba hujenga kuta zote nne.

Sisi wa kidato cha nne tutafanya mtihani wetu Novemba, kisha tutaondoka. Mimi na wenzangu sita wa bweni letu tumekubaliana kuchimba shimo la kwanza Jumamosi yoyote tutakayopewa ruhusa. Tunachongoja ni neno la Mkuu wa Shule.