Simu ikikusahau, usitoe neno lako la siri



Wiki iliyopita mama mmoja alinisubiri nje ya radio. Nyumba yake ilivunjwa kupisha mine, na dosie yake ya fidia sasa inafuatiliwa kwenye ukurasa wa intaneti. Anaandika namba yake na neno la siri, ukurasa unamkubali. Akibonyeza dosie, anarudishwa mwanzo: "Ingia." Siku tatu hivyo, mega zikaisha. Mwishowe kijana wa kutengeneza simu akaandika namba na neno la siri la mama kwenye kaye yake, eti atamwangalilia. Hapo ndipo niliposhtuka.

Sisemi vijana wa simu ni wezi. Wengi wanatusaidia. Lakini mwenye neno lako la siri anaweza kubadilisha namba ya simu ambayo fidia itatumwa. Nyumba imekwenda, na hicho kilichobaki tusikiache kwenye kaye ya mtu.

Shida yenyewe ni ndogo. Ukiingia kwenye ukurasa, unaiachia simu yako alama inayoitwa kuki. Mhandisi Lou Montulli wa Netscape aliibuni mwaka 1994. Ni kama jeto ya hospitali: ukiionyesha, hawakuulizi jina tena. Simu isipoitunza, kila mlango unakuona mgeni.

Kwa hiyo, kabla ya kumwita mtu, angalieni haya:

Kwanza, tarehe. Umeme ukikosekana, betri inakufa kabisa, na simu ya zamani inaweza kuwaka na tarehe ya uongo. Tarehe ikiwa mbele sana, simu inaweza kuona jeto imeisha muda palepale inapopewa. Wekeni tarehe ijirekebishe yenyewe.

Pili, dirisha la siri, lile lenye alama ya kofia na miwani kwenye Chrome. Ukilifunga, linasahau yote.

Tatu, mahali mnapofungulia. Ukibonyeza kiungo ndani ya Facebook, ukurasa unaweza kufunguka humo humo, na kesho kwenye Chrome hautakujua. Chagueni kivinjari kimoja.

Nne, mipangilio: kuki zisiwe zimezuiwa. Na zile programu za "kusafisha simu" zinaweza kufagia jeto pamoja na takataka.

Lakini kama simu ni ya kuazima, ni heri isahau. Ukimaliza, bonyeza "Toka".

Simu ya yule mama ilikuwa mbele miaka miwili. Tulirekebisha tarehe, akaingia, na kabla ya yote akabadilisha neno lake la siri.

Sasa neno kwa wakubwa wanaotuandikisha. Mnajua familia nyingi zinatumia simu moja, tena ya zamani, na mega zinanunuliwa kwa faranga za unga. Kuweka haki ya mtu nyuma ya mlango wa intaneti peke yake si haki. Wekeni meza na karatasi yenye muhuri, na mtu wa kujibu, hata siku moja kwa wiki. Mtu aliyeondolewa kwake asipoteze fidia kwa sababu simu yake ilikosea tarehe.

Nanyi ndugu zangu, mwombeni kijana wa simu arekebishe mbele ya macho yenu. Neno la siri andikeni kwa mkono wenu wenyewe.