Mgonjwa wa malaria asinyang'anywe chandarua

Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako. Kwa mgonjwa wa malaria, kimo damuni, na kinajua kumwita mbu.

Katika nyumba nyingi, chandarua kikiwa kimoja hupewa yule ambaye hajaugua. Aliyekwisha kushikwa na homa huambiwa awapishe wenzake, kwani tayari ameumwa na mbu. Kwa maoni yangu, hilo ni kosa kubwa.

Kwa kawaida, viini vya malaria humtoka mtu na kumwingia mwingine kwa kubebwa na mbu jike wa aina ya anofelesi. Baada ya siku kadhaa damuni, baadhi yavyo hugeuka kuwa viini vya kuambukiza, vikingoja kufyonzwa. Je, vinangoja tu bure? La hasha!

Mwaka 2005, watafiti walichapisha matokeo ya uchunguzi uliofanywa magharibi mwa Kenya. Mbu waliachiwa wachague harufu za watoto mbalimbali. Wale wenye viini vya kuambukiza walivutia mbu takriban maradufu kuliko wenzao. Walipotibiwa, tofauti hiyo ilitoweka. Mwaka 2017, watafiti nchini Sweden walieleza kwamba viini hivyo hutoa kemikali inayozifanya chembe nyekundu za damu zitoe kwa wingi hewa ya kaboni dioksaidi na harufu nyingine zinazopendwa na mbu.

Basi tunapomlaza mgonjwa nje ya chandarua, tunawaandalia mbu karamu. Mbu aliyemfyonza usiku wa leo, baada ya siku 10 hadi 18, aweza kumwambukiza yule yule tuliyedhani tunamkinga.

Ikiwa chandarua ni kimoja, mtoto mchanga asitolewe. Alale humo pamoja na mgonjwa. Malaria haiambukizwi kwa kulala pamoja.

Halafu kuna suala la dawa. Tembe za AL humezwa mara sita kwa siku tatu, lakini wengi huziacha siku ya pili homa inapopoa, wakaweka akiba. Kupoa kwa homa si kupona. Malizeni dawa, na hata baada ya hapo mgonjwa aendelee kulala ndani ya chandarua, kwani viini vya kuambukiza huweza kubakia damuni kwa majuma kadhaa.

Nawe mkazi wa mjini unayejiandaa kwenda mashambani likizoni, usibebe chandarua chako peke yako. Ongeza cha wenyeji wako.