Raffaello: Meli ya Fahari Iliyochelewa Kuzaliwa



Sisi watu wa pwani tumelelewa na honi za meli. Katika miaka ya 1950 na 1960 wazee wetu walizoea kuziona zikitia nanga Kilindini meli mbili za Kiitalia, Africa na Europa, za kampuni ya Lloyd Triestino, zikileta abiria na barua kutoka Italia kisha zikishika njia ya kusini. Leo lakini sitazisimulia hizo. Nataka kuwasimulia meli mbili kubwa zaidi za taifa hilohilo, ambazo ziliundwa kwa ajili ya safari za New York: Raffaello na pacha wake, Michelangelo. Safari yao iliishia mahali ambapo hakuna aliyepatazamia, na ndani ya kisa chao mna swali ambalo kila nyumba yenye wazee na vijana hulikuta siku moja mlangoni.

Kisa chenyewe kinaanzia katika msiba. Usiku wa tarehe 25 Julai 1956, meli ya Kiitalia iitwayo Andrea Doria iligongana na meli ya Uswidi, Stockholm, penye ukungu karibu na kisiwa cha Nantucket, pwani ya Marekani. Asubuhi yake ikazama. Watu 46 waliokuwemo walifariki, na zaidi ya 1,600 wakaokolewa. Kwa Waitalia, pigo hilo lilikuwa zaidi ya hasara ya chombo. Nchi yao ilikuwa ndiyo kwanza inainuka kutoka katika vita vilivyoiangamiza fahari yake ya baharini, ikiwemo Rex, meli ambayo mwaka 1933 ilitwaa sifa ya kuivuka Atlantiki kwa kasi kuliko meli zote. Andrea Doria ndiyo iliyokuwa dalili kwamba Italia imesimama tena. Ilipozama, waliobaki bara walitaka kuinua kitu kikubwa zaidi mahali pake.

Hapo ndipo azma ya kuunda meli mbili kwa mpigo ilipopata nguvu. Kampuni iliyopewa kazi hiyo ilikuwa chini ya serikali, kwa hiyo hesabu haikuwa ya faida peke yake. Kulikuwa na mafundi wa viwanda vya meli vya Genoa na Trieste waliohitaji kazi. Kulikuwa na mabaharia ambao baba zao na babu zao walikula jasho la bahari. Na kulikuwa na jina la nchi. Hayo yote ni mambo ya haki, wala hapana mwenye moyo atakayeyadharau. Kasoro ni kwamba, wakati michoro ikiandaliwa, angani kulikuwa na jambo jingine. Mwezi Oktoba 1958 ndege za jeti zilianza kuchukua abiria baina ya Ulaya na New York. Safari ya wiki nzima baharini ikawa ya saa chache. Mwaka huohuo, kwa mara ya kwanza, waliovuka Atlantiki kwa ndege walikuwa wengi kuliko waliovuka kwa meli.

Habari hizo hazikuwa siri. Zilichapishwa magazetini, na wakubwa wa kampuni walizisoma. Hata hivyo kazi iliendelea. Michelangelo ikashuliwa majini Genoa mwezi Septemba 1962, na Raffaello ikashuliwa Trieste mwezi Machi 1963. Zote mbili zilianza safari mwaka 1965, na takriban miaka saba ilikuwa imekwisha pita tangu jeti ya kwanza kuvuka.

Waama zilikuwa nzuri. Kila moja ilikuwa na urefu wa takriban mita 276, yaani zaidi ya viwanja viwili na nusu vya kandanda, na ukubwa wa tani 45,900 na ushei. Mitambo ya mvuke iliziendesha kwa maili za baharini 26 na nusu kwa saa. Ndani mlikuwa na nafasi za abiria wapatao 1,775 katika madaraja matatu, kumbi za mapumziko, mabwawa ya kuogelea, na ukumbi wa maonyesho wa viti karibu 500. Majina yao yalikuwa ya wachoraji wakubwa wa Italia ya kale, na waliozipamba walifanya kazi wakijua majina hayo yanadai nini.

Lililowashangaza watu zaidi lilikuwa dohani, yaani mabomba ya moshi. Meli za zamani zilikuwa na dohani nene kama minara, na masizi yake yaliwadondokea abiria waliokaa sitahani. Wahandisi wa Raffaello walichukua mfano wa dohani hadi chuo cha ufundi cha Turin, wakaupima ndani ya mashine ya upepo. Wakaja na jambo jipya: bomba jembamba lililozungukwa na kizimba cha vyuma kilicho wazi kama tenga, na juu yake bawa pana la kuusukuma moshi mbali. Upepo ulipita katikati ya kizimba, na masizi yakaenda zake baharini. Dohani hizo mbili zilikuwa alama ya meli hizi popote zilipokwenda.

Sasa, mama msomaji, tuteremke ngazi. Ukishuka hadi sitaha za chini kabisa za abiria, ulikuta vyumba visivyo na dirisha hata moja. Mwenye tikiti ya bei nafuu alilala na kuamka kwa mwanga wa taa, asijue kama nje kumekucha au kungali usiku, ilhali amezungukwa na bahari pande zote. Aliyekaa juu alifikiriwa hata chembe ya masizi isimwangukie begani. Aliyekaa chini hakufikiriwa hata tundu la kuonea jua. Nawaomba mulikumbuke jambo hili, kwani ndilo litakalokuja kuziponza meli hizi.

Mwaka mmoja haukutimia kabla bahari haijazitia mtihani. Mwezi Aprili 1966, Michelangelo ikiwa katikati ya Atlantiki katika tufani, wimbi moja kubwa mno liliinuka mbele ya omo na kuuangukia ukuta wa mbele wa vyumba vya juu. Ukuta huo uliundwa kwa alumini ili kupunguza uzito. Ulibonyea na kupasuka, maji yakaingia vyumbani, na hata vioo vya chumba cha nahodha kilicho juu kabisa vikavunjika. Watu watatu walipoteza maisha na makumi wakajeruhiwa. Meli ilifika New York ikiwa na jeraha usoni, na baadaye alumini ya mahali hapo ilibadilishwa kwa chuma katika meli zote mbili.

Kidonda hicho kilitibika. Kisichotibika kilikuwa polepole na kimya: viti vitupu mezani. Mwaka baada ya mwaka abiria wa Atlantiki walipungua. Mabaharia zaidi ya 700 katika kila meli waliendelea kupika, kufagia, kutandika vitanda na kung'arisha shaba, kwa ajili ya abiria ambao safari nyingine walikuwa wachache kuliko wahudumu. Hasara ilifidiwa na hazina ya serikali. Kila ulipotajwa mpango wa kuzisimamisha, swali la ajira za mabaharia lilisimama mbele, nalo ni swali zito, kwani nyuma ya kila baharia kuna nyumba yenye watoto. Kisha bei ya mafuta ikapanda kwa kishindo mwaka 1973, na meli za aina hii zilikuwa zikila mafuta kama moto unavyokula makuti.

Kampuni nyingine za dunia zilikuwa zimekwisha kupata njia. Hazikuchukua tena abiria wa kuvuka, bali watalii wa kuzunguka visiwa vyenye jua. Raffaello na Michelangelo zikajaribu kazi hiyo pia, na hapo ndipo vile vyumba visivyo na madirisha vilipodai haki yao. Ni mtalii gani atakayelipa fedha zake ili akae gizani chini ya maji? Madaraja matatu yaliyotenganishwa kwa kuta na ngazi nayo yalikuwa kikwazo kwa watu waliotaka kutembea meli nzima. Kulibadilisha umbo lote kungeligharimu mali nyingi, na walioziangalia kwa nia ya kununua wakaondoka. Mwaka 1975 meli zote mbili zilisimamishwa, zikaegeshwa karibu na La Spezia. Zilikuwa zimefanya kazi miaka 10 tu, wakati meli ya namna hiyo yatarajiwa kuhudumu miaka 25 au 30.

Hatimaye alitokea mnunuzi. Serikali ya Shah wa Iran ilizinunua kwa bei iliyokuwa sehemu ndogo tu ya gharama ya kuziunda, na mwaka 1977 zikapelekwa Ghuba ya Uajemi: Michelangelo Bandar Abbas, Raffaello Bushehr. Hizo ni pwani ambazo majahazi yake yalikuja kwetu na kaskazi kwa karne nyingi, yakileta mazulia na tende. Lakini meli hizi hazikwenda huko kusafiri. Zilitiwa nanga ziwe kambi za kulala askari wa jeshi la majini. Mahali palipokuwa na meza zilizotandikwa vitambaa vyeupe pakawa pa kuanikia nguo. Palizuka fikra ya kuzirejesha katika utalii, ila wataalamu wa Kiitalia waliokwenda kuzikagua walizikuta zimekwisha kuchakaa mno. Mwaka 1979 mapinduzi yakamwondoa Shah, na mwaka 1980 vita baina ya Iraq na Iran vikaanza.

Mwaka 1983 Raffaello ilishambuliwa na ndege za Iraq ikiwa nangani Bushehr. Ikazama katika maji ya kina kifupi, na mabaki yake yangali huko hadi leo. Michelangelo iliponea vitani, lakini mwaka 1991 ikavutwa hadi ufuo wa Gadani nchini Pakistan, ambako mafundi waliikatakata vipande ikauzwa vyuma chakavu. Wahenga walisema, mwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani. Chombo kilichojengwa kwa ajili ya fahari ya taifa kilimalizika katika vita vya watu wengine na katika nyundo za wavunja meli, mbali na waliokipenda.

Wapenzi wasomaji, sikuyasema haya ili tuwacheke Waitalia. Nimeyasema kwa sababu nimekaa katika vikao vya aila zaidi ya kimoja, nikaziona Raffaello zetu. Ni duka la marehemu babu ambalo wateja wamelihama zamani, na bado watoto wanakopa kila mwaka kulijaza bidhaa, kwani kulifunga ni kama kumzika babu mara ya pili. Ni nyumba inayoongezwa ghorofa ya tatu ili ionekane kutoka barabarani, ilhali chumba cha bibi huko chini hakipati hewa. Ni kijana anayesukumwa katika kazi aliyoifanya baba yake, hali kazi yenyewe inaondoka duniani. Anayefanya hivyo si mpumbavu. Ni mtu anayependa, na mapenzi yakimshika mtu humfanya asiulize.

Katika vikao hivyo, aghalabu anayeijua hesabu ni mwanamke. Ndiye anayeona unga umepungua kabla ya mwisho wa mwezi, ndiye anayejua ni kidani kipi kilichowekwa rehani. Na mara nyingi hunyamaza, asije akaambiwa anabomoa kilichojengwa na wazee. Nakusihi, mama, usinyamaze hadi meli iwe nangani Bushehr. Uliza kwa adabu, na uulize mapema: Je, kitu hiki kinamfaa nani leo? Nani yuko katika sitaha ya chini, na je, ana dirisha? Na ikiwa wakati wake umepita, tunaweza kukiuza au kukigeuza kingali na thamani, ili wanaokitegemea wapate pa kushika?

Wale mabaharia 700 na zaidi wa kila meli walistahili huruma. Lakini huruma iliyowafaa ilikuwa ni kutafutiwa kazi nyingine mwaka 1965, wakati bado kuna fedha, badala ya kushushwa gatini mwaka 1975 wakati hazina imechoka. Kuchelewa kuamua hakukuwaokoa. Kuliwaongezea miaka 10 tu, kisha kukawaacha palepale.

Maji yakija hupwa, nasi watu wa pwani hatuhitaji kufundishwa hilo. Mvuvi hodari hajui tu kukwea chombo maji yakijaa. Anajua pia saa ya kukitoa kabla hayajapwa, kisije kikalala ubavu mchangani.