Familia hailali kwenye msingi

Kila Septemba, upepo wa kiangazi unapopeperusha vumbi katika mitaa ya Ibadakuli, Manispaa ya Shinyanga, maboma huonekana waziwazi. Hapa kuta nne zisizo na paa, pale msingi ulioota nyasi, kwingine rundo la tofali zilizoanza kumeguka. Kila boma lina habari yake. Baba alikwenda machimboni Geita na fedha zikakata. Mama amebaki mjane. Mavuno hayakufikia matarajio, na kilichopatikana kikaishia kwenye chakula na ada.

Yapo pia maboma, huko na kwingine nchini, yenye habari ngumu zaidi kuisema. Hayo yalianzishwa na watu wema. Siku ya kwanza walikuja wengi: majirani, vijana wa mtaa, wanakwaya, hata wageni kutoka mjini. Walichimba, wakabeba mawe, wakapiga picha, wakala wali pamoja. Wiki ya tatu walikuja sita. Mwezi wa pili alibaki fundi anayedai fedha yake. Familia ikaendelea kulala kule kule ilikokuwa ikilala, ila sasa na aibu juu, maana kila apitaye huuliza, "Kumbe nyumba yenu bado?"

Kuanza kumjengea jirani ni jambo jema, na kuanza ni rahisi. Ila familia hailali kwenye msingi.

Mvua haisubiri

Shinyanga ina kiangazi kirefu. Mvua huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili hivi. Maana yake ni kwamba nyumba ya kujitolea ina miezi michache ya kujengwa, kati ya mavuno na mvua za kwanza. Ukuta wa udongo au wa tofali mbichi ukikutwa na mvua bila paa, hurudi kuwa tope. Kazi ya watu 40 huyeyuka kwa wiki mbili.

Udongo wenyewe nao una tabia yake. Sehemu nyingi za mkoa huu zina udongo mweusi wa mbuga. Ukilowa huvimba, ukikauka hupasuka nyufa ambazo mkono wa mtoto unaweza kuingia. Nyumba iliyowekwa juu ya udongo huo kwa msingi mfupi hupasuka ukuta hata kama tofali zake ni nzuri.

Ubaya wa kuta dhaifu mkoa huu unaujua. Usiku wa Machi 3, 2015, mvua ya mawe yenye upepo mkali ilipiga Mwakata, wilayani Kahama. Watu zaidi ya 40 walipoteza maisha, wengi wao wakiwa ndani, wakiangukiwa na kuta za nyumba zao za tope. Walikuwa wazazi na watoto waliokuwa mahali ambapo mtu hukimbilia mvua inaponyesha.

Kwa hiyo swali la nyumba ya maskini halihusu uzuri wa mtaa. Linahusu kama watoto wataamka salama baada ya mvua kubwa.

Zamu, si sadaka

Kazi ya pamoja si jambo geni Usukumani. Zamani vijana wa kijiji walikuwa na chama chao cha kazi chini ya kiongozi aliyeitwa nsumba ntale. Aliyezidiwa na kazi aliwaita, wakaja kwa ngoma na nyimbo, na mwenye kazi akawaandalia chakula. Kiongozi alijua nani amefika na nani amekwepa, na mkwepaji aliadhibiwa.

Utaratibu ule ulikuwa na mambo matatu ambayo vikundi vingi vya leo hukosa. Kwanza, palikuwa na msimamizi anayejulikana. Pili, kazi ilipimwa na kumalizwa. Tatu, ilikuwa zamu: anayesaidiwa leo anajua kesho naye ataitwa. Hakuna aliyetazamwa kama ombaomba.

Majirani zetu Rwanda wameufanya mtindo kama huo kuwa wa nchi nzima. Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi ni siku ya umuganda, na miongoni mwa kazi zake ni kujenga na kukarabati nyumba za wasiojiweza. Tanzania tuna neno msaragambo, ingawa sehemu nyingi limebaki la kuchimba mitaro na kujenga madarasa.

Zamu hiyo iwafikie pia akina bibi. Kanda hii ina doa la mauaji ya vikongwe waliodhaniwa kuwa wachawi kwa sababu ya macho mekundu, ilhali macho yale yalikuwa mekundu kwa moshi. Bibi aliyepika miaka 50 kwa kuni na kinyesi cha ng'ombe ndani ya chumba kisicho na dirisha atakuwa na macho gani? Huko Magu, mkoani Mwanza, asasi ya Maperece na shirika la HelpAge waliofanya kazi ya kuwalinda wazee waliona kwamba mahubiri peke yake hayatoshi. Jiko lisilo na moshi mwingi na nyumba iliyokarabatiwa navyo ni ulinzi. Kikundi kinachomtobolea bibi dirisha la jiko na kumtengenezea jiko banifu kimefanya kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Bibi ambaye vijana 10 wa mtaa wanaingia na kutoka kwake kwa "shikamoo bibi" si rahisi kutengwa.

Mikono hujenga nini?

Hapa ndipo vikundi vingi hukwama, kwa sababu ya hesabu.

Mikono ya kujitolea inaweza kusafisha kiwanja, kuchimba msingi, kukusanya mawe na mchanga, kuteka maji, kufyatua tofali, kuchanganya udongo, kujaza kifusi na kusaidia fundi. Hiyo ni sehemu kubwa ya jasho la nyumba, na familia ikiachwa ilipe vibarua, fedha nyingi huishia hapo.

Lakini mikono haifyatui bati. Saruji, nondo, mbao za kupaulia, misumari, bati, mlango na ufundi wa mwenye timazi na pima maji, vyote vinataka fedha taslimu. Ndiyo maana nyumba nyingi za kujitolea husimama kwenye lenta: jasho limefika mwisho wake, na mfuko haukuandaliwa.

Dawa ni kuugeuza mpango. Swali la kwanza la kikao lisiwe "tunachimba lini?" bali "bati ziko wapi?" Familia 30 zikiweka Sh2,000 kila wiki, kwa wiki 26, kuanzia Januari hadi mwisho wa Juni, zinapata Sh1,560,000. Hiyo si nyumba nzima, lakini inaweza kubeba sehemu kubwa ya paa la nyumba ndogo kabla jembe la kwanza halijagusa ardhi. Fedha ikae mahali panapoonekana, ikiwa na waweka saini watatu, na daftari lisomwe mbele ya wote kila mwezi.

Waliotangulia

Mwaka 1973 mke na mume kutoka Marekani, Millard na Linda Fuller, walikwenda Mbandaka, Zaire, ambayo leo ni Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, wakajenga nyumba pamoja na wenyeji. Waliporudi kwao walianzisha shirika la Habitat for Humanity mwaka 1976, na kazi yake ikafika Tanzania mwaka 1986. Kanuni yake ya msingi ni nyepesi. Familia inayojengewa nayo hufanya kazi, kisha hurudisha gharama kidogo kidogo bila faida, na fedha hiyo hujenga nyumba ya mwingine. Hapo asiye na fedha hutoa jasho lake, na ndiyo sababu hajioni mnyonge mbele ya waliokuja kumsaidia.

Mfano wa karibu zaidi uko Dar es Salaam. Wakazi wa Kurasini walipotakiwa kupisha upanuzi wa bandari, wapangaji ndio waliokuwa na hali ngumu zaidi, kwa kuwa nyumba hazikuwa zao. Wanachama wa Shirikisho la Watu Maskini Mijini, wakisaidiwa na Centre for Community Initiatives, walichanga akiba na kununua ekari 30 Chamazi. Walijifunza kufyatua tofali za kufungamana na kushiriki ujenzi wa nyumba zao wenyewe, wanawake wakiwa mstari wa mbele.

Chamazi pia ilifundisha jambo la pili. Ni mbali na bandari na masoko walikozoea kupata riziki, na mama aliyezoea kuuza chakula jirani na kazi za watu hupata taabu kulipa mkopo akihamishiwa mbali. Kwa Ibadakuli somo ni kwamba kiwanja cha bei rahisi kilicho mbali na shule, maji na biashara ya mama si rahisi hata kidogo. Nauli ya kila siku italipwa kwa miaka.

Ndogo iliyokamilika

Vyumba viwili vyenye paa, mlango na choo ni bora kuliko vyumba vitano vya boma. Nyumba ndogo ikipangwa vizuri huongezwa baadaye, ukuta mmoja ukiachwa tayari kupokea chumba cha tatu. Kinachopaswa kutangulia ni uimara.

Msingi uchimbwe hadi kwenye udongo mgumu, na kiwanja cha mbuga kikikwepeka kikwepwe. Mawe yapo kwenye vilima vya mkoa huu, yatumike. Juu ya kuta upite mkanda wa zege unaozifunga pamoja, na kenchi zifungwe kwenye mkanda huo kwa waya mnene, maana upepo wa mvua za kwanza huezua paa lililopigiliwa misumari mitatu. Bati la geji 28 ni nene kuliko la geji 30. Bei inapanda, ila tofauti huonekana baada ya miaka.

Kuhusu tofali, mkoa huu una sababu ya kufikiri mara mbili kabla ya kuchoma. Tanuru hula kuni nyingi, na Shinyanga iliwahi kuwa karibu na jangwa hadi mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, HASHI, ulioanza mwaka 1986, ulipowarudisha watu kwenye ngitili na upandaji miti. Tofali za kufungamana hutengenezwa kwa udongo wenye mchanga na saruji kidogo, zikashindiliwa kwa mashine, kisha zikafunikwa na kumwagiwa maji mpaka zikomae. Hazichomwi, na hupunguza saruji ya kujengea. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi ulizifundisha kwa miaka. Udongo mweusi wa mbuga haufai kwa tofali hizo, hivyo fundi aupime udongo kabla kikundi hakijakodi mashine.

Nyumba ni ya nani?

Kuna kosa ambalo huumiza kuliko paa kuvuja. Watu wema wanamjengea mjane, wanaondoka, na mwaka wa pili shemeji anafika na kusema kiwanja ni cha ukoo. Mama na watoto wanatoka na magodoro. Kikundi kimemjengea shemeji bila kujua.

Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 inampa mwanamke haki sawa na mwanamume ya kupata na kumiliki ardhi, lakini haki isiyoandikwa hupotea kirahisi. Kabla ya kuchimba, ukoo uitwe kikao. Wazee waseme mbele ya mwenyekiti wa mtaa, maandishi yatiwe saini, na jina la mama lionekane. Kikao kama hicho hutaka subira na heshima, na pengine soda. Kinachukua siku moja. Kesi inachukua miaka.

Familia nayo isikilizwe. Mama ndiye anayejua mlango utazame wapi ili amwone mtoto akicheza huku yeye anapika. Baba aliye machimboni apigiwe simu, aulizwe, achangie anachoweza. Nyumba inayojengwa kana kwamba hayupo inaweza kumfanya asirudi. Watoto wapewe kazi za umri wao, kuteka maji kidogo, kuhesabu tofali, kuwapelekea wageni vikombe, lakini wasipandishwe kwenye majukwaa. Na wasipigwe picha wakiwa wamelala juu ya kiroba ili watu wachange. Mtoto huyo atakwenda shule kesho, na wenzake wana simu.

Siku ya kukabidhi

Vikundi hupenda kukabidhi ufunguo kwa hotuba. Hakuna ubaya. Lakini siku ya kweli ya kukabidhi ni ile mvua ya kwanza ya Novemba inaponyesha usiku, na mama anaamka kwa mazoea ili asogeze ndoo na kuwahamisha watoto upande mkavu. Anapapasa sakafu gizani, anaikuta kavu. Madaftari ya shule yako mezani pale pale yalipoachwa. Anasikiliza bati kidogo, kisha anarudi kulala.

Jumamosi inayofuata kuna kazi kwa jirani wa tatu, aliye wa pili kwenye orodha. Naye mama huyo yumo, amebeba ndoo ya maji kichwani. Leo ni zamu yake kusaidia fundi.