Huyu Admin Ni Nani?

Alamu imezimwa saa nane za usiku. Nani kaizima? Fungua kumbukumbu za programu, utakuta jina: Admin. Nani kafuta grafu za wiki nzima? Admin. Nani kaondoa namba ya simu ya fundi wa zamu, ujumbe ukawa haumfikii mtu? Admin.

Huyu Admin haishi Mugunga, wala Ndosho, wala Himbi hapa Goma. Hana mama, hana kadi ya uchaguzi. Lakini ndiye anayetawala mitambo yetu yote, na wewe msomaji umeshamzoea.

Mimi nimechoka naye.

Programu ya ufuatiliaji kama Zabbix, Nagios au Cacti kazi yake ni kukesha. Inaangalia kama mnara una umeme, kama betri za sola zimeshuka, kama laini ya intaneti ingali hai, kama friji ya chanjo bado ina baridi. Chanjo ya Ebola, tuliyoijua wenyewe hapa Goma mwaka 2019, huhifadhiwa kati ya nyuzi 60 na 80 chini ya sifuri. Mtu akizima alamu ya friji kama hiyo, nani atajua kabla ya asubuhi? Na asubuhi, utamkamata nani?

Ukiiweka Zabbix leo inakuja na jina Admin na neno la siri zabbix. Limeandikwa waziwazi kwenye kitabu chake cha maelezo, dunia nzima inalisoma. Wangapi wamelibadilisha? Na waliolibadilisha wameliweka wapi? Kwenye kikundi cha WhatsApp! Kijana wa staji analo. Aliyefukuzwa mwaka jana analo. Aliyekuja kutengeneza kiyoyozi, naye analo. Halafu mnasema mna ulinzi. Ulinzi gani?

Pengine ujinga huu ungevumilika kwenye mji uliotulia. Huu wetu ni mji wa kukimbia. Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ililipuka usiku. Siku tano baadaye tukaambiwa tuhame, na maelfu kwa maelfu wakapita barabara ya Sake, hapa hapa mbele ya milango yetu. Mwishoni mwa Januari 2025 waasi wa M23 wakaingia Goma, ofisi zikafungwa, wafanyakazi wakatawanyika hadi Kinshasa, Kampala na Nairobi. Kila safari kama hiyo watu wanaondoka na maneno ya siri vichwani mwao. Kila safari wanaobaki hawajui nani anayo na nani hana. Mitambo inabaki wazi kwa aliyeondoka, imefungwa kwa aliyebaki. Umeshawahi kusimama mbele ya skrini inayopiga kelele nyekundu, ukampigia simu mwenye neno la siri, ukaambiwa hapatikani? Basi unajua ninachosema.

Dawa ipo, tena ni ya zamani. Inaitwa saraka: daftari moja la watumiaji wote wa ofisi, kila mtu na jina lake na neno lake la siri. Programu ya ufuatiliaji haiweki tena maneno ya siri kwake. Mtu akitaka kuingia, inaiuliza saraka kwa lugha ya LDAP, iliyobuniwa Chuo Kikuu cha Michigan mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mtu akiacha kazi, unamfunga mahali pamoja, na milango yote iliyounganishwa na saraka inamfungia. Alamu ikizimwa, jina la mtu linabaki. Jina la mtu! Mali bila daftari huisha bila habari, walisema wazee ambao hawakuwa na seva hata moja. Sisi wenye seva tumelala.

Najua utakachosema: pesa hakuna. Malalamiko ya pesa nayaheshimu yanapokuwa ya kweli. Kabla ya mlipuko wa 2021 Kituo cha Volkano cha Goma kilipitisha miezi bila intaneti ya kupokea takwimu za vipimo vyake, baada ya ufadhili wa Benki ya Dunia kukoma. Hapo lia, nami nitalia nawe. Lakini OpenLDAP, programu ya saraka, ni bure. Samba ni bure. FreeIPA ni bure. Zabbix yenyewe ni bure, na tangu toleo la 6.4 la mwaka 2023 inaweza kumfungulia mtu akaunti yenyewe kwa kutazama kundi lake ndani ya saraka. Unamsubiri mfadhili gani aje kubadilisha neno la siri?

Na ninyi mnaojigamba kwamba saraka mnayo, msicheke bado. Wengi wenu mmeiunganisha kupitia mlango 389 bila kufunga mawasiliano kwa TLS, na maneno ya siri yanasafiri uchi kwenye waya. Wengine mmeipa programu akaunti kuu ya saraka nzima, wakati inachohitaji ni akaunti duni ya kusoma tu. Atakayeivunja mashine hiyo moja amepata ofisi yote. Tena zipo seva ambazo zikipewa jina sahihi na neno la siri tupu hujibu «sawa», kwa maana zimemhesabu mtu huyo kama mgeni asiye na jina. Programu isiyojua tofauti inamfungulia mlango. Mmejaribu kuingia bila kuandika neno la siri? Jaribuni leo.

Msinione mkali bure. Sisi wa Mugunga, palipokuwa na kambi mwaka 1994, tunaijua kazi ya CICR, Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, ya kuwaunganisha watoto na wazazi waliopotezana. Januari 2022 shirika hilo lilitangaza kwamba wavamizi wameingia kwenye seva zilizokuwa na habari za watu zaidi ya 515,000 duniani: waliopotea, wafungwa, familia zilizotenganishwa na vita na majanga. Waliingia tarehe 9 Novemba 2021, wakagunduliwa tarehe 18 Januari 2022. Siku 70 ndani ya nyumba! Walipitia wapi? Kwenye tundu la programu ya kuthibitisha watumiaji, ambalo kiraka chake kilikuwa kimeshatolewa lakini hakikuwekwa kwa wakati. Wakishaingia wakajifanya watumiaji halali.

Kwa hiyo saraka si hirizi. Ukikusanya funguo zote mahali pamoja, palinde mahali hapo kuliko chumba chako cha kulala. Weka viraka siku vinapotoka. Weka saraka ya pili, maana umeme wa hapa tunaujua. Na bakiza akaunti moja ya dharura ndani ya programu yenyewe, isiyoitegemea saraka, neno lake refu, limeandikwa kwenye karatasi, limefungwa kwenye bahasha, bahasha ndani ya sanduku la chuma, na watu wawili wakijua sanduku liko wapi. Ikifunguliwa, neno linabadilishwa siku hiyo hiyo.

Wakubwa wa ofisi, msiseme hayo ni mambo ya mafundi. Mafundi hawawezi kukufungia mkwe wako aliyepewa akaunti asiyoistahili. Hiyo ni saini yako.

Nawe ndugu yangu wa zamu, kesho ukifika kazini fungua orodha ya watumiaji kabla hujafungua chai. Kila jina lisilo na mtu anayejulikana, lifunge. Anza na Admin.