Mtoto Hafukuzwi kwa Jina la Kanisa

Tusidanganyane. Hapa Kalemie, ikijulikana kwamba kijana fulani, wa kiume au wa kike, moyo wake huvutwa na watu wa jinsia yake, maneno huwa mengi. Jirani husema amelogwa. Mjomba husema atolewe nyumbani. Mwingine ataka apelekwe kwenye chumba cha maombi, anyimwe chakula mpaka pepo limtoke. Na wazazi, watu wa Misa kila Dominika, husadiki kwamba kumfukuza ndiko kumtii Mungu.

Sisi twasema: hiyo si amri ya Kanisa. Katekisimu ya mwaka 1992, namba 2358, yaagiza watu hao wapokewe kwa heshima, kwa huruma na kwa upole, wala wasionewe. Mwezi wa Januari 2024 maaskofu wa Afrika, wakiongozwa na Kardinali Ambongo wa Kinshasa, walikataa kubariki miungano ya watu wa jinsia moja. Wakristu wengi walishangilia. Lakini tangazo lile lile lilisema pia kwamba watu hao watendewe kwa heshima. Mbona neno hilo halikushangiliwa? Naye marehemu Papa Fransisko, tarehe 26 Januari 2022, aliwahimiza wazazi wa watoto wa namna hiyo wawasindikize, wasijifiche nyuma ya hukumu.

Mtatujibu: "Tukimweka nyumbani, tumeibariki dhambi." Sivyo. Mafundisho juu ya ndoa na usafi wa moyo yako palepale. Kumpa mwanao ugali na kitanda si kuyakana. Kazi ya mzazi ni kulea. Hukumu ya mwisho ina Mwenyewe. Na huko nje mnakomtupa, nani anamngoja? Njaa, na watu wabaya wa usiku. Je, huko ndiko atakakojifunza usafi wa moyo?

Hata sheria ya nchi yawashinda. Katiba yetu ya mwaka 2006, kifungu cha 41, yakataza kumtupa mtoto asiyetimiza miaka 18, kumtesa, na kumsingizia uchawi.

Tukumbuke pia mwanzo wa Kanisa la ziwa letu. Mapadri Weupe walipopewa Mpala mwaka 1885, walikusanya watoto waliokombolewa utumwani, wasio na baba wala mama, wakawalea. Kanisa lililoanza hivyo, leo lisingiziwe kwamba lawaamuru wazazi kuwatupa watoto wao wa kuwazaa?

Basi, baba na mama, mwana akiwafunulia siri yake, msimjibu kwa fimbo. Msikilizeni mpaka amalize. Wadogo zake wasimcheke mbele yenu. Mkitaka shauri, nendeni kwa padri pamoja naye, si kwa siri nyuma yake. Majirani watasema, kisha watachoka. Uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi. Jirani hakumzaa, wala hatamlilia.